Msituvulie Pazia

Semina za wanawake huku Pwani siku hizi zina ada moja. Wakishagawiwa chupa za maji na daftari, mwezeshaji husimama mbele, akatabasamu, akawaomba waliohudhuria wasimulie mmoja mmoja yaliyowasibu. Hapo ukumbi hunyamaza. Wanaoijua Lamu wanaujua ukimya ule: huyu anatazama kucha zake, huyu anarekebisha mtandio, mwingine amekumbuka ghafla kwamba ameacha chungu mekoni. Mwishowe hujitokeza msichana mmoja, aghalabu mgeni wa mji, akasimulia, wakamlilia, picha zikapigwa. Kisha ripoti huandikwa kwamba wanawake wa Lamu bado wanaona haya kuzungumza.

Sidhani ni haya. Nadhani ni akili.

Msingi wa semina hizo naukubali. Kisa kikisimuliwa hupunguza uzito, na kitabu kinaweza kumwinua mtu aliyelazwa na mawazo. Ninachokataa ni dhana kwamba nafuu hupatikana pale tu mtu anaposema "mimi" mbele ya watu. Wanawake wa mji huu wametibiana kwa hadithi vizazi na vizazi, na karibu mara zote wamefanya hivyo kwa kisa cha mtu mwingine: wa kwenye utenzi, wa kwenye ngano, au yule "mke mmoja wa huko Pate" ambaye kila mtu anajua hayupo. Kisa cha mwingine ni pazia. Nyuma yake mtu hulia kwa sauti na jina lake likabaki salama.

Lamu ya mawe imejengwa kwa kuta zinazogusana. Baadhi ya vichochoro ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hawapishani, na juu yake nyumba zimeunganishwa kwa wikio, chumba cha kuvukia ambacho zamani kilimwezesha mwanamke kutoka kwao hadi kwa jirani bila kukanyaga njia. Mji wa namna hii hauna pa kufichia siri. Neno lililotamkwa Mkomani baada ya alasiri hufika Langoni kabla ya magharibi, na likifika limeshatiwa chumvi. Mwanamke akiachwa akaolewa tena, watu ni wale wale: wifi wa ndoa ya kwanza ndiye jirani wa ndoa ya pili, na watoto wao wanasoma chuo kimoja cha Kurani. Anayeombwa asimulie yake hadharani anaombwa alipe gharama ambayo mwezeshaji, atakayepanda boti kesho kurudi Mokowe, hailipi.

Tazameni wanavyofanya wenyewe. Mchana umepita, vyombo vimeoshwa, wanawake wamekaa ndani, huyu anasuka ukili, yule anashona kofia, mwingine amekishika kichwa cha mtoto anamsuka nywele. Mmoja anaanza: palikuwa na mke, mumewe nahodha, na kila akirudi safari anarudi na harufu siyo ile aliyoondoka nayo. Hakuna anayeuliza ni nani. Wanauliza mengine. "Mamake mke alikuwa hai?" "Walikuwa na watoto wangapi?" "Na huyo mume alikuwa mtoaji?" Kila swali linapima kitu. Mmoja anasema mke yule alikosea kunyamaza. Mwenziwe anamjibu kwamba angesema angekwenda wapi, na nduguze wote wanakula kwa mkono wa mume huyo huyo. Kufikia saa ya kuinuka kupika chakula cha usiku, kesi ya mtu aliyekaa kimya pembeni imeshasikilizwa na kukatwa hukumu tatu tofauti, naye hajataja jina lake wala la mumewe. Amejua pia jambo ambalo semina haiwezi kumwambia: ni nani kati ya jirani zake angesimama upande wake.

Kanga nazo husema ya moyoni kwa niaba ya mvaaji, ila mimi naona kanga ni ya ugomvi zaidi kuliko ya kuponya, basi niziache.

Ushahidi mzuri wa hoja hii niliukuta mbali na bahari yetu, katika maisha ya Maya Angelou, mwandishi Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1928. Akiwa na umri wa miaka kama minane alinajisiwa na mwanamume wa mamake mjini St. Louis. Alimtaja. Mtu huyo alihukumiwa, akaachiliwa, na muda si mrefu akakutwa ameuawa. Mtoto akaamini kwamba sauti yake ndiyo iliyoua, akafunga mdomo. Kwa takriban miaka mitano hakuzungumza na watu, isipokuwa kakake. Alikuwa amerudishwa kwa bibi yake katika mji mdogo wa Stamps, Arkansas, na hapo mama mmoja mweusi, Bi Bertha Flowers, alimwalika nyumbani kwake, akampa vitabu na masharti: avisome kwa sauti, ahifadhi na shairi moja, siku akija tena amghanie.

Angalieni alivyofanya. Bi Flowers hakumhoji yaliyompata. Hakumketisha akamwambia atoe ya moyoni. Alimpa maneno ya watu wengine ayavae kwanza, na sauti ikarudi kupitia humo. Kisa chake mwenyewe Angelou alikiandika akiwa mtu mzima wa miaka arobaini, katika kitabu kilichotoka mwaka 1969. Baina ya shairi la mwingine na hadithi yake mwenyewe ilipita karibu miaka thelathini. Wafadhili wetu hutoa siku mbili na chakula cha mchana.

Kwa wanawake weusi wa Marekani, kitabu chenyewe kina historia ya machungu. Sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 ilimtoza faini yeyote atakayemfundisha mtumwa kuandika, na baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Nat Turner mwaka 1831 majimbo ya kusini yalizidisha ukali. Mwanamke mweusi wa huko aliposhika kitabu alikuwa ameshavunja kitu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, na ndiyo maana siwalaumu wanaoona kila neno la "mimi" kuwa ushindi. Lakini hata kwao riwaya ilitangulia. Mwandishi mweusi wa Marekani bell hooks, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu wanawake weusi na kujiponya, anaeleza vikundi vya wanawake waliokutana kuzungumza maisha yao, na jina la vikundi hivyo lilitoka katika riwaya ya Toni Cade Bambara ya mwaka 1980, inayohusu mwanamke aliyejaribu kujiua na bibi mganga anayemtibu.

Wanasaikolojia nao wamepima. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Walioandika mambo mazito yaliyowapata pamoja na hisia zao walikwenda kliniki ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Papo hapo baada ya kuandika, hata hivyo, walijisikia vibaya kuliko wenzao, na majaribio mengi yaliyofuata yameonyesha kuwa faida ipo ila ni ndogo. Kinachosahaulika kila utafiti huu unapotajwa kwenye semina ni kwamba maandishi yale hayakusomwa mbele ya darasa. Waandishi walihakikishiwa siri.

Kinyume chake pia kimepimwa. Mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio ya kikao kimoja cha kumhoji mtu mara baada ya janga ili ayatoe yaliyomkuta. Kikao hicho hakikuzuia maradhi ya kiwewe, na palikuwa na dalili kwamba kinaweza kumdhuru mtu. Ushauri ukawa watu wasilazimishwe tena. Nikisoma hayo naikumbuka Mpeketoni, huko Lamu bara, iliyoshambuliwa Juni 2014, ambako watu zaidi ya 60 waliuawa, wengi wao wanaume. Wajane waliulizwa na polisi, wakaulizwa na waandishi wa habari, wakaulizwa na mashirika na wanasiasa. Kusimulia hakukukosekana. Halafu ikaja amri ya kutotoka nje usiku, ikakata hata yale mazungumzo ya baada ya isha ambayo kwa maoni yangu yangewafaa zaidi kuliko maikrofoni zote.

Harare wameikaribia desturi yetu kuliko sisi wenyewe. Tangu mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda amewafunza akina bibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu aliyeelemewa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye watu 573, lilionyesha kwamba waliokaa na wasikilizaji hao walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Chibanda mwenyewe husimulia kwamba mwanzoni benchi liliitwa la afya ya akili, na watu wakaliepuka. Akina bibi ndio waliosema libadilishwe jina, liwe benchi la urafiki. Wazee wale walijua kwamba mgonjwa anahitaji kisingizio cha kukaa.

Kwetu kisingizio hicho kilitungwa zamani. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham wa Pate alikuwa mjane na mgonjwa. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Sayyid Said wa Unguja, alikuwa ameshafariki. Yeye mwenyewe maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima, na alikuwa na binti, Mwana Hashima, ambaye hakutaka kumwacha bila maneno. Akamtungia utenzi wa wasia. Hakuishi miaka mingi baada yake.

Shuleni utenzi huo tulisomeshwa kama mwongozo wa mke mtiifu. Wako wasomi walioukosoa kwa hilo hilo, na wako waliosema kuna kejeli ndani yake. Utiifu ule mimi siutetei, na binti wa leo akiuchukua ubeti kwa ubeti kama sheria atapata hasara. Lakini usomeni kama maneno ya mgonjwa muone kinachotokea. Anamwita mtoto asogee na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana hadithi. Kisha kwa beti nyingi anaagiza: dini, adabu, ulimi, namna ya kumtunza mume. Na humo humo, msomaji akiwa ameshaizoea sauti ya mkufunzi, anaeleza alivyoolewa na baba wa huyo binti kwa furaha na kicheko, walivyoishi bila kuvunjiana heshima, mume alivyomuaga akiwa radhi naye, na kwamba tangu hapo hata siku anayotunga hajanyamaza kulia. Beti chache tu. Baadaye zinakuja dua, kwa ajili ya watoto, jamaa, na afya yake.

Wasia ndio uliompa nafasi. Mjane wa mtawala asingeweza kuketi mbele ya watu akasema nimechoka na upweke. Mama anayemfunza bintiye aliweza. Wala hakumwandikia Mwana Hashima peke yake, kwani karibu na tamati anawaita wanawake wote wausome. Wameusoma, tena kwa kuughani, kwa zaidi ya karne moja na nusu, na mjane aliyefika kwenye beti zile za kilio amepata mahali pa kulia kilio chake huku wengine wakidhani anasoma adabu za ndoa.

Mji uliozoea kunywa maandishi hauhitaji kufundishwa kuwa maneno hutibu. Nazungumzia kombe: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Kila mtu ana maoni yake juu ya kombe, na mashehe wenyewe hawakubaliani. Mimi linalonivutia zaidi ni eda. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi, na nyumba haikauki watu. Yasini husomwa, khitma husomwa, halafu kisomo kikiisha na kahawa ikipita, wanaanza: marehemu alivyokuwa na tabia yake ya kukataa mchuzi bila ndimu, bibi fulani alivyofiwa mwaka wa mvua kubwa, nani alikataa kula hata akalishwa kwa mkono. Wanacheka pia, jambo linalowashangaza wageni. Mfiwa hatakiwi aseme neno. Anawasikiliza waliofiwa kabla yake, nao wako hai mbele ya macho yake wakinywa kahawa.

Kwa majonzi ya kawaida sijaona tiba iliyopimwa kwa uangalifu kama hiyo. Nasema majonzi ya kawaida. Mtu anayesikia sauti, asiyepata usingizi wiki nzima, au aliyeanza kusema hataki kuishi, apelekwe Hospitali ya King Fahd leo, asingojewe arobaini.

Kuna wanawake ambao pazia hili halikuwafikia. Utenzi wa Mwana Kupona ulitungwa katika jamii ya watumwa na mabwana, na unamwonya binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Waliokuwa wakiteka maji na kupepea nao walikuwa na maradhi yao na mabinti wao. Wasia wao haukupata wino. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini swali la "huyu ametoka nyumba gani" liliendelea kufanya kazi kwenye posa na kwenye vikao, na mara nyingi rangi ya ngozi ilitumiwa kulijibu kabla mtu hajataja jina la babake. Tukizungumza juu ya hadithi na nafuu ya mwanamke mweusi hapa Lamu, hatuwezi kujifanya sote tulikuwa upande mmoja wa kisa.

Mombasa walianza. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwarekodi akina mama watatu wa mji huo, na masimulizi yao yakatoka kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili mwaka 1991. Mmoja, Bi Kaje, alitoka katika familia iliyokuwa na watumwa. Mwingine, Mishi wa Abdala, alikuwa wa uzao wa watumwa. Kuwaweka wawili hao ndani ya jalada moja ni jambo ambalo ukumbini kwa mwenye harusi lingeleta maneno. Na manufaa yake nayaona hivi: mwanamke wa Lamu mwenye ukoo kama wa Mishi, ambaye hataki wala halazimiki kuueleza, anaweza kusema "yule Mishi" na akawa amesema yote.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito. Pazia hilo hilo limewafunika wapigaji na wabakaji. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu akapita kweli, usiku akarudi. Binti akinajisiwa na mtu wa ukoo, mafumbo hayatoshi, na pengine ndiyo yanayomlinda mhalifu, kwa kuwa kila mtu anajua na hakuna aliyesema. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 na ile ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani ya mwaka 2015, na mbele ya sheria anahitajika mtu wa kutaja jina, siku na mahali. Hapo "palikuwa na mke mmoja" haisaidii kitu.

Lakini kusema ili kupata haki na kusema ili kupata nafuu ni kazi mbili, na semina zetu huzichanganya. Ushahidi una pa kupelekwa: kwa daktari, kituoni, kwa hakimu, pamoja na mtu wa kumsindikiza msimulizi anayeijua njia. Ukitolewa ukumbini mbele ya majirani na kamera, haumfikishi mhalifu popote; humfikisha mwenye kusema midomoni mwa watu. Tena nadhani, na hii ni dhana yangu tu, kwamba aliyesikia kisa cha mwingine kikijadiliwa na wanawake anaowaheshimu, bila dhihaka, atapata ujasiri wa kwenda kituoni mapema kuliko aliyesukumiwa maikrofoni.

Kinachopungua Lamu ni vitabu, na zaidi ya vitabu, saa za kuvisoma. Ngome ya mji, iliyokuwa gereza hadi mwaka 1984, sasa ina maktaba, lakini maktaba ya kukaa kimya mezani humfaa mwanafunzi anayengoja mtihani. Mama wa makamo hataacha wajukuu na ukili wake aende akasome kimya. Kitabu ndicho kimfuate, mmoja asome na wengine wasikilize huku mikono ikiendelea na kazi. Asiyejua kusoma hatajulikana, jambo ambalo kwa wanawake wa rika la mama zetu si dogo. Kiwe cha Kiswahili, na tuanze kurekodi masimulizi ya Faza, Kizingitini, Siyu na Matondoni kwa lahaja za wenyewe, majina yakibadilishwa kila mwenye kisa akitaka. Tafsiri pia zinafaa. Mtoto wa Arkansas yuko mbali vya kutosha kwa watu kumjadili bila woga.

Msomaji alipwe, kama anavyolipwa mwezeshaji. Sauti nzuri, na ustadi wa kutua penye uchungu bila kuparuka, ni ufundi wa mtu. Asije na dodoso. Asianze na "mnajisikiaje". Akimaliza sura aulize juu ya mtu wa kitabuni, alifanya vyema kuondoka au alikosea, kisha anyamaze amenye chungwa lake wenzake wabishane. Na mfadhili akitaka ripoti ya visa vilivyosimuliwa, apelekewe jina la kitabu na nambari ya ukurasa waliofikia.